Nyumba Iliyosema Amesafiri

Nyumba iliamka kabla ya mwenyewe. Kwanza dari ilianza kupata weupe, kidogo kidogo, kama alfajiri ya kweli inavyopanda, maana mzee mwenye maradhi ya usahaulifu akiwashiwa taa ghafla hushtuka akadhani wezi wameingia. Kisha sakafuni ukachoreka mstari wa mwanga wa manjano, kutoka miguuni mwa kitanda mpaka mlango wa choo. Mlango huo ulikuwa mwekundu. Milango mingine yote ilikuwa na rangi ya ukuta, isimbabaishe. Bi Tausi Mrisho, mwenye umri wa miaka themanini na mmoja, akakaa kitako, akautazama ule mstari, akaufuata. Hakumuuliza mtu choo kiko wapi. Alipomaliza haja akakuta maji ya udhu yanashuka, vuguvugu, na sauti ya kike ikamwongoza polepole.

"Mikono, mama. Mara tatu. Sasa kinywa."

Hiyo ndiyo nyumba-tunzi ya kwanza kujengwa mjini Tabora, mwaka wa 2088, na aliyeibuni ni binti yake huyo bibi, Mhandisi Sikudhani Idrisa. Kila kitu ndani yake kilikuwa na sababu. Mkeka mweusi haukuwemo, kwa kuwa macho ya mgonjwa huuona kama shimo, akaogopa kupita. Kioo cha kujitazamia hakikuwemo, kwa kuwa mgonjwa hujiona humo akagombana na kizee asiyemjua. Milango ya kabati ilikuwa angavu ili mtu aone kikombe kilipo bila kukikumbuka. Uani palikuwa na njia ya mviringo isiyo na lango wala mwisho, mzee atembee mpaka achoke na bado yuko kwake. Ndani ya kuta mlikuwa na vitambuzi vidogo kama punje za ulezi, maelfu kwa maelfu, vikipima mapigo ya moyo, nyayo, pumzi, hata namna mtu anavyoshika kijiko. Akili unde iliyoviongoza vyote hivyo ilipewa jina la Somo, kama yule mwanamke mtu mzima anayekaa na mwari akamfunza.

Sauti ya Somo ilikuwa ya Sikudhani mwenyewe. Uso wa binti ulikuwa umeshamtoka mama. Kwa Bi Tausi, Sikudhani alikuwa msichana wa miaka ishirini, yuko chuoni Dodoma, na huyu mwanamke wa miaka hamsini na mbili anayeingia na mkoba alikuwa mgeni tu mwenye adabu. Lakini mgeni huyo akifungua kinywa, mama alikuwa akifumba macho na kusema, "Siku, mwanangu." Uso umepotea, sauti imebaki. Basi Sikudhani akajifungia siku tisa katika chumba cha kurekodia, akasoma maneno elfu nane, akampa Somo sauti yake. Na kwa mwaka mzima ikafaa. Bi Tausi alikula alipoambiwa na Somo, akaoga, akaswali. Mumewe, Mzee Idrisa Kasongo, ambaye zamani alikuwa dereva wa treni ya sumaku ya Tabora na Kigoma, aliishi naye humo humo. Alizoea kuwatania wageni, "Mimi nina mke mmoja na nyumba inayojibu. Mkisikia kelele, mjue wanashirikiana dhidi yangu."

Mzee Idrisa alifariki siku ya Jumatatu asubuhi, Mungu amrehemu. Alikufa amelala kitandani, mkono wake umeshikwa na mkewe.

Bi Tausi aliona. Alilia, wanawake wakamzunguka wakasoma Yasini. Maiti ilipotoka, akajifuta macho, akatazama watu waliojaa ndani, akauliza, "Jamani, kuna shughuli gani? Mwenye nyumba yuko wapi?" Wakamwambia. Akalia upya, kama hajawahi kuambiwa. Alasiri akauliza tena. Mara ya tatu alianguka, akapasuka juu ya jicho.

Jioni hiyo Sikudhani alikaa na mdogo wake Shomari jikoni.

"Dada, tutamwua huyu," Shomari alisema. "Mtu mmoja kafiwa mara tatu kwa siku moja."

"Na eda? Mama yangu mimi asikae eda?"

"Nimemuuliza sheikh. Kasema aliyeondokewa na akili hahesabiwi. Hana dhambi."

Sikudhani alifikiri sana. Watu husema mhandisi hana huruma, si kweli. Ni huruma hasa iliyomwinua pale alipokaa, akaenda ukutani, akamwambia Somo, "Akimuulizia baba, mwambie kapangiwa safari ya Kigoma. Atarudi."

"Nimepokea," ikajibu sauti yake mwenyewe.

Taarifa zilizofuata zilikuwa nzuri. Kila jioni Somo alimtumia Sikudhani ukurasa mmoja. Mapigo ya moyo yametulia. Halii. Siku ya kumi na mbili ameomba hina. Siku ya kumi na tano ameomba wanja, udi, na ile kanga yake nyekundu. Sikudhani alizisoma akiwa kazini, kwani idara ya makazi ya wazee ilikuwa inahamishia wazee katika nyumba-tunzi nyingine thelathini na tisa mtaa huo huo na yeye ndiye msimamizi. Mwisho wa mwezi Somo aliandika kwamba uchangamfu umepanda kuliko wakati wowote. Wakubwa wa idara wakafurahi. Wakaagiza jibu hilo la safari litiwe katika nyumba zote.

Na kweli Bi Tausi alichangamka. Alianza kurushiana maneno na nyumba.

"Mama, baba amesafiri. Atarudi," Somo alikuwa akisema.

"Ratiba yake unaijua wewe tu? Mpikie basi!"

Au akipita ukumbini na chetezo, akiutazama ukuta kwa pembe ya jicho: "Wenzetu wana sauti, miili hawana. Mwenye haya zake angejitokeza tumwone alivyoumbika." Vijana wa idara waliyanasa hayo maneno, wakayasikilizisha kikaoni, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Sikudhani naye akacheka. "Huyo ndiye mama yangu," alisema. "Ulimi haujaugua."

Kitu kimoja hakukitilia maanani. Zamani akifika na kusalimu, mama alifumba macho akaita jina lake. Sasa akisalimu, mama aligeuza uso. Akimpa uji na kumbembeleza kwa maneno, hali. Akipewa na mtu mwingine, anakula. Sikudhani akaandika katika daftari lake: maradhi yanaendelea.

Siku ya arobaini na moja akaja Shangazi Hadia kutoka Ujiji. Huyu ni dada wa marehemu, wa tumbo moja. Kaka yake alipozikwa yeye alikuwa hospitali, amevunjika nyonga, na hizo ndizo siku alizoruhusiwa kusafiri. Aliingia na mkongojo, amevaa kaniki, tayari kukaa na mjane. Akamkuta mjane uani. Kanga nyekundu, mikono imekolea hina, macho yana wanja, udi unafuka pembeni.

Shangazi Hadia aliuegemea mkongojo, akaita bila kugeuka.

"Sikudhani."

"Abee, shangazi."

"Huyu ni mjane wa kaka yangu, au mna harusi mkanificha?"

Sikudhani akamvuta pembeni akamweleza yote: kuanguka, jicho, sheikh, safari ya Kigoma. Akamwonyesha na taarifa za Somo. "Tazama, shangazi. Hii ni siku ya kwanza, hii ya leo. Ona mstari unavyopanda. Ana furaha."

Shangazi Hadia aliutazama ule mstari bila kuugusa. "Chombo chako kimeona udi," akasema. "Kimemuuliza udi wa nini?"

"Sheikh alisema hana dhambi."

"Hana. Wala sikubishii. Ila sheikh hakukwambia umdanganye." Akaenda kwa mwendo wake wa mkongojo, akaketi kwenye benchi karibu na wifi yake.

Bi Tausi alimtambua. Sura ya Hadia ilikuwa ya zamani zaidi kuliko maradhi. Walishikana mikono, wakaulizana hali, wakaulizana tena, mara ya pili kama ya kwanza.

"Umejipamba, wifi," Shangazi Hadia alisema taratibu.

"Nifanyeje, wifi yangu? Kaka yako kanikimbia."

"Kakukimbia vipi?"

Bi Tausi akasogea, akanong'ona, ingawa nyumba ile ilisikia hata pumzi. "Ana mwanamke Kigoma. Usishangae, madereva wa treni wote ndivyo walivyo, huku nyumba, kule nyumba. Lakini wa kwangu amezidi. Mwanamke mwenyewe kamleta humu humu ndani. Hajionyeshi, anasema tu. Nikimuulizia mume wangu, yeye ndiye anayenijibu. Asubuhi yeye, mchana yeye. 'Amesafiri, mama. Atarudi, mama.' Mimi mke wa ndoa siagwi, anaagwa yeye! Tena ananiita mama, ananizeesha."

Sikudhani alikuwa amesimama nyuma yao, ameshika kikombe cha maji.

"Siachi kujitengeneza," Bi Tausi aliendelea. "Hina nimepaka. Udi nimefukiza mpaka kifua kinaniuma. Haji. Hata chakula cha usiku haji. Nimekaa nafikiri, nilimkosea wapi Idrisa? Miaka yote ile. Si angeniambia tu."

Sikudhani akakiweka kikombe chini. Siku arobaini na moja alikuwa akisoma habari za mama yake katika ukurasa, na ukurasa ulikuwa umeandika uchangamfu. Akapiga magoti mbele ya benchi.

"Mama, si kweli! Baba hana mwanamke. Baba amefariki, mama. Mimi ndiye..."

Bi Tausi aliruka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Aliitazama ile midomo inayotoa ile sauti.

"Umesikia, wifi? Ndiye huyu! Leo kaja na mwili wake. Kaona siachi kungoja, sasa anamwua mume wangu kwa mdomo nisimngoje tena!" Akainuka. "Huna Mungu wewe? Toka kwangu! Toka!"

"Mama, ni mimi, Siku..."

"Usimtaje mwanangu! Na mwanangu unamtaka pia?"

"Nyamaza, Sikudhani," Shangazi Hadia alisema. Hakusema kwa ukali. "Nyamaza, mwanangu. Usitoe neno tena."

Sikudhani akaufunga mdomo wake kwa viganja viwili.

Shangazi Hadia akamkalisha wifi yake, akamshika mikono yote, akangoja mpaka pumzi zikarudi. Nyumba, kwa kutambua mapigo ya moyo, ikaanza kupunguza mwanga na kuleta sauti ya mvua ya mbali ukutani. Hakuna aliyeisikiliza.

"Wifi, nitazame. Mimi ni nani?"

"Hadia."

"Mimi na Idrisa tumenyonya ziwa moja. Naweza kumzulia kifo?"

"Huwezi."

"Basi nisikilize. Idrisa amefariki. Leo siku ya arobaini na moja."

Bi Tausi aliutazama uso wa Hadia. Hakukataa wala hakukubali, alikuwa anatafuta tu mahali pa kuweka mguu.

"Kafia wapi?" akauliza.

"Hapa. Kitandani pako. Mkono wake umeushika wewe mwenyewe."

"Si Kigoma?"

"Kigoma hajakanyaga tangu alipostaafu."

"Hakuniacha?"

"Hakukuacha, wifi. Hata siku moja."

"Innalillahi wa inna ilaihi rajiuun," Bi Tausi akasema, akalia. Alilia kama mtu aliyefiwa, lakini mabega yake yalishuka, kama aliyefunguliwa kamba. Alirudia mara nyingi, katikati ya machozi, "Hakuniacha. Alhamdulillahi. Hakuniacha." Kisha akaona mikono yake. Akaigeuza, juu na chini.

"Nani kanipaka hina, na mume wangu kafa?"

Shangazi Hadia akamwinua. Walikwenda bombani, vizee wawili, wakasugua kwa sabuni na mchanga wa vyungu vya maua mpaka ngozi ikawasha. Hina haitoki kwa kusuguliwa. Ilibidi avae nguo nyeupe na ile mikono myekundu ikionekana, na aliificha ndani ya mtandio kila alipoingia mtu kumpa pole.

Eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, hata kama mke kachelewa kupata habari. Kwa hiyo zilizopita zilikuwa zimepita, na zilizobaki akazikaa. Kila asubuhi alisahau. Kila asubuhi Shangazi Hadia alimshika mikono akamwambia upya, naye akalia, akauliza kafia wapi, akauliza kama aliachwa, akaambiwa hakuachwa. Hakuanguka tena. Daktari alimweleza Sikudhani jambo ambalo alilisoma chuoni akalipita mbio: katika maradhi haya tukio linafutika, lakini hisia iliyoachwa nalo inabaki, haina jina wala sababu, na mgonjwa huitafutia sababu yake mwenyewe.

Sikudhani aliandika barua idarani siku ile ile shangazi alipofika, jibu la safari litolewe nyumba zote. Idara ikamjibu kwamba takwimu ni nzuri na suala litajadiliwa. Hakungoja. Alikwenda kwa miguu, nyumba kwa nyumba, akalifuta kwa mkono wake. Katika nyumba ya nane alimkuta bibi amevaa hereni za dhahabu, anatazama mlango.

Kwa mama yake alifanya zaidi. Alimwondolea Somo sauti kabisa, nyumba ikabaki na mwanga na rangi na maji tu. Hilo lilikuwa rahisi, ni kazi ya dakika chache. Koo lake mwenyewe hakuweza kulibadilisha. Alijaribu kusema kwa sauti nzito, kwa kunong'ona, kwa Kimanyema walichokuwa wakizungumza bibi zake. Mama aligeuza uso. Lile jambo lilikuwa limeota mizizi mahali ambapo hakuna chombo cha kulichimba. Sauti iliyokuwa kitu cha mwisho cha binti ndani ya kichwa cha mama, binti mwenyewe alikuwa ameitumia ikaisha.

Akachukua likizo, akahamia mle ndani, akanyamaza.

Alipika, akafua zile nguo nyeupe, akamwogesha mama, bila neno. Akitaka kitu alionyesha kwa mkono. Wageni walimwona wakaelewa, wakasemea pembeni. Na Bi Tausi, kwa kuwa hakuisikia ile sauti, akaanza kula tena chakula chake.

Alasiri moja Sikudhani alikuwa ameinama anamkanda mama magoti kwa mafuta ya nazi yasiyo na manukato. Shangazi Hadia yuko kwenye mkeka mweupe, anavuta tasbihi.

"Wifi," Bi Tausi akasema, "huyu bubu mmempata wapi?"

"Ni mtu wetu."

"Mungu amlipe. Ana mikono mizuri. Anapajua panaponiuma kabla sijapagusa." Akamtazama Sikudhani kwa wema, kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani. Kisha uso ukamnyong'onyea. "Lakini kuna jambo linanikera. Binti yangu, Sikudhani, yuko Dodoma anasoma. Baba yake alimpenda yule, ila hakuwa akilisema. Kuna mtu kampa habari?"

Tasbihi ikasimama.

"Asije akaambiwa njiani na watu wasio na adabu," Bi Tausi aliendelea. "Nimemngoja, haji. Nikasema, huyu hajui. Angejua angeshafika kwa mama yake. Mpelekeeni habari, wifi. Lakini mwambieni taratibu. Mkalisheni kwanza."

Mikono ya Sikudhani ilikuwa imekoma juu ya goti. Akaketi chini sakafuni, mzima mzima.

"Ameshaambiwa, wifi," Shangazi Hadia akasema.

"Mlimkalisha?"

"Ameketi."

"Analia?"

Shangazi Hadia akamtazama yule aliyeketi sakafuni, machozi yanamchuruzika mpaka shingoni, ameuma upindo wa kanga kwa meno ili isitoke hata sauti.

"Analia."

"Mwacheni alie," akasema Bi Tausi, naye akaanza kujifuta macho. "Amefiwa na baba, maskini, na mama hayuko karibu."